Uyoga wa Kichuguu, Masikio na Magogo: Mwongozo Kamili wa Kuokota na Kupika, Malindi

Masika yakishika Malindi, kuanzia mwezi wa nne mpaka wa sita, uyoga huota kila mahali kwa mpigo: kwenye nyasi za viwanja, juu ya vichuguu vya mashamba ya Ganda na Kakuyuni, kwenye mikorosho iliyokufa imesimama. Macho ya asiyezoea huenda kwa ule mweupe, mkubwa kama sahani, ulioota peke yake uwanjani. Huo ni uzuri wa mkakasi. Anaouruka ni kile kigozi cha kahawia kinachoning'inia gogoni kama sikio la mbuzi aliyenyeshewa, na hicho ndicho kingemfaa kwa kitoweo cha jioni.

Hapa tunashughulika na uyoga wa aina tatu unaodharauliwa: wa kichuguu, wa masikio, na ule mdogo mgumu wa magogo wenye matamvua yaliyopasuka. Umechaguliwa kwa sababu kila mmoja una alama ya kushikwa kwa mkono, isiyotegemea kukisia rangi. Uyoga mwingine wa pwani unalika, na wazee wa mashambani wanaujua, lakini huo hujifunzwa kwa kufuatana nao shambani misimu miwili au mitatu. Maandishi hayatoshi.

Sehemu za uyoga na majina yake

Juu kuna kofia. Chini ya kofia, kwa uyoga mwingi, kuna vikaratasi vyembamba vilivyopangika kama matamvua ya samaki, tutaviita matamvua. Chini yake ni shina. Shina huweza kuwa na pete, yaani ukosi wa ngozi uliobaki kofia ilipofunguka, na huweza kuchomoka kwenye kikombe, mfuko mweupe uliozama udongoni. Kikombe hicho ndicho watu wengi hukikosa, kwa sababu hukata uyoga kwa kisu juu ya ardhi na kuiacha alama ya hatari shimoni. Kwa hiyo uyoga wa kwanza wa kila kituo haukatwi. Unachimbwa wote mpaka mwisho wake.

Uyoga huzaa kwa spora, vumbi jepesi linalotoka kwenye matamvua. Rangi ya vumbi hilo haibadiliki kwa mvua wala jua, tofauti na rangi ya kofia, ndiyo maana ni ushahidi mzuri. Namna ya kuipata: kata shina, laza kofia kwenye kioo kisafi huku matamvua yakiangalia chini, dondoshea tone moja la maji juu yake, funika kwa bakuli upepo usipenye, acha usiku kucha. Asubuhi weka kioo juu ya karatasi nyeupe, kisha juu ya kitambaa cheusi, utazame. Ukitumia karatasi nyeupe peke yake, vumbi jeupe halitaonekana na utadhani uyoga haukutoa kitu.

Unaoachwa ulipo

Ule mweupe wa uwanjani, wenye magamba ya kahawia kichwani na pete inayoteleza juu na chini shinani, mara nyingi ni Chlorophyllum molybdites. Hupenda nyasi zilizopunguzwa: viwanja vya mpira, bustani za hoteli, nyasi za shule. Ukiwa mchanga matamvua yake ni meupe na unadanganya kabisa. Ukikomaa yanageuka kijani cha majivu, na vumbi lake ni la kijani. Anayeula hutapika na kuharisha vibaya baada ya saa moja mpaka tatu. Aghalabu hauui mtu mzima mwenye afya, lakini mtoto anaweza kukaukiwa maji haraka.

Hatari zaidi ni jamii ya Amanita. Dalili zake ni matamvua meupe, vumbi jeupe, pete, na kikombe chini ya shina. Baadhi ya jamaa hiyo hubeba sumu ya ini isiyoondoka kwa kuchemsha, kukaanga, kukausha wala kuganda kwenye friji. Ubaya wake ni kuchelewa: mlaji hukaa saa 6 mpaka 24 bila kuhisi lolote, huanza kutapika na kuhara, kisha siku ya pili au ya tatu hupata nafuu ya uongo huku ini likiendelea kuharibika.

Jamii hiyo ya Amanita haioti ovyo. Nyingi huishi kwa kushikamana na mizizi ya miti fulani, na katika Msitu wa Arabuko-Sokoke miti ya namna hiyo ipo: mrihi, unaotawala ile sehemu ya mchanga mweupe, na mbambakofi. Ardhi iliyo chini ya mirihi hutoa uyoga mzuri wa kula na uyoga wa kuua, pamoja, hatua mbili tatu kati yao. Anayeanza asiokote hapo. Tena msitu ule ni hifadhi. Kutoa chochote ndani yake bila ruhusa ya Huduma ya Misitu ya Kenya ni kosa kisheria, na ndovu wamo. Mashamba na viunga vya nje ya msitu vinatosha.

Acha pia uyoga unaoota kwenye mavi ya punda na ng'ombe, jambo la kuwaambia hasa watoto wa Lamu, ambako kinyesi cha punda hakikosekani njiani. Mwingine wa aina hiyo huvuruga akili. Acha vidude vya mviringo kama viazi chini ya mivinje, ambavyo ukivikata ndani ni vyeusi au vya zambarau iliyokolea. Acha uyoga mdogo wa kahawia wenye shina jembamba na pete hata ukiota juu ya gogo, kwa sababu umo wa namna hiyo wenye sumu ileile ya ini. Na uyoga wa marundo ya majani makavu ya mgomba na mabua ya mpunga, ule unaotoka kwenye mfuko kama yai, huliwa sana Asia. Lakini kwa kuwa una kikombe kama Amanita, usiuguse mpaka umesimamiwa na anayeujua.

Neno moja kuhusu vipimo vya mitaani. Kijiko cha fedha kugeuka cheusi, kitunguu saumu kubadilika rangi, mchele kupiga weusi, konokono au mbuzi kuula: vyote ni bure. Konokono hula uyoga unaoua watu na kesho yake yuko hai. Ladha nayo haisaidii. Waliokula Amanita wakapona husimulia kuwa ulikuwa mtamu.

Uyoga wa kichuguu

Mchwa wa vichuguu hawali kuni moja kwa moja. Hubeba vipande vya miti na majani makavu, huvitafuna, na kuvijengea masega chini ya ardhi, masega ya kijivu yenye matundu kama sifongo. Juu ya masega hayo huota ukungu mweupe ambao ndio chakula chao. Mvua ikinywesha ardhi vya kutosha, ukungu huo hutuma shina juu mpaka litoboe uso wa kichuguu. Wataalamu huuita Termitomyces, na hauoti popote pasipo mchwa. Hapo ndipo alama yetu ilipo.

Tafuta vichuguu vilivyo hai. Kichuguu kilichokufa kina mianya mikavu na nyasi zilizokitawala. Kilicho hai, ukikikwangua kidogo kwa kijiti, mchwa askari hutokea mara moja. Anza kuzunguka siku chache baada ya mvua kubwa za kwanza, na ukiona kumbikumbi wameruka kwa wingi, basi ardhi imelowa vya kutosha na kichuguu kianze kutembelewa kila asubuhi. Vuli, mwezi wa 10 na wa 11, hutoa pia lakini kidogo.

Nenda mapema, kabla ya saa tatu asubuhi. Kichwa kinachotoboa alfajiri huwa kigumu na kimefumba kama ncha ya mwavuli. Saa sita kimeshafunguka, na kufikia jioni nzi wametaga. Kesho yake ukikikata utakuta njia za funza.

Fika kichuguuni na fimbo, upige chini na upekue majani kabla ya kutia mkono. Moma na swila hupenda mashimo hayo. Kisha fuata hatua hizi.

Chimba uyoga mmoja kwa muo au kisu kirefu, taratibu, ukifuata shina linavyoshuka. Utaona linageuka kuwa mzizi mrefu unaozidi kuwa mwembamba, pengine sentimita 10, pengine nusu mita. Uufuate mpaka ufike kwenye sega la mchwa. Mzizi ukikatikia njiani, chimba mwingine. Usipofika segani, uyoga huo hujauthibitisha, hata kama umeota katikati ya kichuguu, kwa kuwa uyoga wa nyasi nao huweza kuota juu ya udongo wake.

Tazama kofia. Katikati ina kinundu kigumu chenye ncha, mara nyingi cheusi kuliko sehemu nyingine, ambacho ndicho kilichotoboa udongo. Pinda kofia uangalie chini: matamvua ni meupe au ya malai, membamba, yamebanana, na hayajashika shina. Uyoga ukizeeka huingia uwaridi. Vumbi lake ni la waridi hafifu. Kikombe hakuna. Pete huweza kuwepo kwa baadhi ya aina.

Alama hizi huhesabiwa zote kwa pamoja. Kuna uyoga wa nyasini wenye vumbi la waridi na sumu tumboni, lakini wake matamvua yameshika shina na mzizi wa kwenda segani hauna. Vumbi jeupe kabisa, au la kijani, au kikombe chini: mwaga kikapu chote, si uyoga mmoja tu.

Ukishathibitisha, uyoga uliosalia ukate kwa kisu usawa wa ardhi na uzibe shimo ulilochimba kwa udongo uleule. Usibomoe sega. Kichuguu kisichovurugwa hutoa mahali palepale mwaka baada ya mwaka, na ndiyo maana wenye vichuguu vizuri hawavitaji mbele za watu.

Kuna mdogo wake, wenye kofia ndogo kuliko sarafu, unaotandaza mamia kwa siku moja juu ya udongo kama punje za mchele. Nao ni Termitomyces na ni mtamu, lakini hauna ule mzizi mrefu, basi ile alama kubwa inakosekana. Huo uokote ukiwa na mtu anayeujua.

Masikio

Auricularia ndio uyoga rahisi kuliko wote kutambua pwani hii, na ajabu ni kwamba watu wanaupita kila siku wakienda kununua uyoga wa kopo. Hauna matamvua, hauna shina la kutajika, hauna kofia. Ni kipande cha mpira laini, chembamba, cha kahawia au zambarau ya kahawia, umbo la sikio, mara nyingi na vinywele vifupi vya kijivu mgongoni. Aina nyingine ina mikunjo kama wavu upande wa ndani. Huota kwa vikundi kwenye magogo na matawi yaliyokufa: mwembe, mkorosho, mfenesi, mkungu.

Vipimo ni viwili. Kwanza, kivute: kinanyumbulika na kurudi, hakimeguki kama jibini wala hakipasuki kama karatasi. Pili, kianike kipande kimoja juani mpaka kiwe kigumu kama kucha, kisha kitie maji ya uvuguvugu. Baada ya dakika 30 kitakuwa kimerudi ukubwa wake na ulaini wake. Kisichorudi ni kitu kingine. Kilicho kigumu kama ubao hata kikiwa kibichi ni uyoga wa mbao, hauna sumu ya kuogopwa sana lakini meno yako yatakatika bure.

Okota vilivyo laini na ving'avu, upana wa sentimita 3 mpaka 10. Vyenye utelezi wa kunuka, au vilivyoanza kuyeyuka kingoni, vimeoza. Kata kwa kisu karibu na gome, maana ukivuta kwa mkono utapata gome na mchanga utakaokuudhi jikoni. Gogo moja huvunwa mara kadhaa msimu mmoja. Mvua ikirudi, nalo linarudi.

Angalia mti wenyewe. Mwembe unaopuliziwa dawa ya nzi wa matunda, nguzo iliyopakwa dawa ya mchwa, mbao za jengo lililobomolewa zenye rangi: usichukue kitu hapo. Uyoga hunyonya alichonyonya mwenyeji wake. Kwa sababu hiyohiyo epuka kando ya barabara kuu ya Mombasa na majaa ya taka.

Anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda asile masikio kwa wingi bila kumwuliza daktari, kwa sababu uyoga huu nao hupunguza kuganda kwa damu.

Ule mdogo mgumu

Schizophyllum commune umeenea duniani karibu kote, na hapa huota juu ya kila kitu kilichokufa: magogo ya mwembe, makuti mazito, nguzo za ua, hata kuni zilizorundikwa nyuma ya jiko. Ni kipande kidogo chenye umbo la upepeo, cha sentimita 1 mpaka 4, cheupe au kijivu, juu kina manyoya kama pamba iliyobanwa. Vitabu vingi vya Ulaya huuandika kuwa hauliki kwa ugumu wake. Kaskazini-mashariki mwa India, Malesia na Nigeria unauzwa sokoni.

Alama yake haina mwenzake: pindua kipande hicho, utazame matamvua kwa jicho la karibu au kwa kioo cha kukuzia. Kila tamvua limepasuka katikati kwa urefu, kama mtu aliyechana jani la mnazi, na kingo mbili zimejikunja nje. Ukiwa mkavu kingo hizo hujikunja sana. Ulowanishe kidogo na zitanyooka. Pasipo mpasuko, acha.

Kuna jambo la kuangaliwa hapa. Spora za uyoga huu, ukiwa mkavu na wa zamani, zimewahi kuota ndani ya njia ya hewa ya watu wachache wenye kinga dhaifu. Basi okota uliolowa, wa siku chache, safishia nje penye upepo, na mwenye pumu au kinga iliyoshuka asikae kwenye kazi ya kusafisha. Kibichi usile kamwe. Hilo ni la uyoga wote wa mwongozo huu: mbichi unasumbua tumbo hata ukiwa salama.

Kusema kweli ni kazi ya uvumilivu. Saa nzima ya kuokota huweza kutoa bakuli moja. Faida yake ni kwamba hukosi. Hata kiangazi cha kaskazi, mvua moja ya bahati ikipita, upo.

Na mamama?

Uyoga unaofugwa na kuuzwa, ambao wakulima wa Tanzania huuita mamama, una ndugu zake wa pori kwenye magogo ya msufi, mwembe na mnazi ulioanguka. Matamvua yake hushuka mpaka kwenye shina fupi la pembeni, vumbi lake ni jeupe au lenye uwaridi kidogo, na mmoja wao huwa wa waridi ungali mchanga. Ni mzuri sana. Lakini duniani kuna uyoga wa magogo unaofanana nao wenye sumu ya tumbo, na baadhi yake hutoa mwanga hafifu gizani. Ukiuokota, ingia nao chumba chenye giza totoro, ukae dakika 10 macho yazoee, uutazame. Unaong'aa hutupwa. Usiong'aa bado unahitaji macho ya mjuzi, kwa hiyo haumo katika ile mitatu.

Kubeba na kusafisha

Tumia kikapu cha ukili au ungo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017, na hata isingepigwa, uyoga ndani ya plastiki kwa joto la Malindi hutoka jasho na kuanza kuoza kabla hujafika nyumbani. Kila aina na kifungu chake, kwa jani la mgomba kati yake. Uyoga mmoja usiojulikana ukivunjikia ndani ya mingine unaharibu kazi yote.

Wa kichuguu una mchanga katikati ya matamvua. Usiuloweke, utakunywa maji na kupoteza utamu. Kwangua udongo wa shina kwa kisu, kata mzizi penye ugumu, pasua kofia mbili, kisha uzamishe kwenye maji ya chumvi (kijiko kimoja cha kulia kwa lita 1) dakika 3 tu ili wadudu watoke, suuza kwa haraka, tandaza kwenye kitambaa.

Masikio yanavumilia maji. Sugua kila kimoja kwa vidole ndani ya maji yanayobadilishwa mara tatu, kata ule ukucha mgumu wa chini. Makavu yaloweke kwa maji ya uvuguvugu dakika 30 mpaka saa moja, yatakua mara nyingi kuliko ulivyodhani. Usiyaache kwenye maji usiku kucha mezani. Kwa joto, bakteria fulani wanaweza kuzaa humo sumu isiyouawa na moto, na nchini China watu wamekufa kwa masikio yaliyolowekwa siku mbili. Umesahau bakuli tangu jana? Mwaga.

Kupika

*Uyoga wa kichuguu wa nazi, watu wanne.* Uyoga gramu 500, nazi 1 iliyokomaa, vitunguu maji 2, nyanya 2, kitunguu saumu punje 3, pilipili mbichi 1, manjano nusu kijiko cha chai, mafuta kijiko 1 cha kulia, chumvi, ndimu nusu.

Kuna nazi, kamua tui zito kikombe 1 na tui jepesi kikombe 1, uyaweke mbali. Chana uyoga kwa mkono kufuata nyuzi za shina. Kisu huufanya uwe kama vipande vya mpira. Weka sufuria kavu motoni, tia uyoga peke yake, bila mafuta wala chumvi. Utatoa maji mengi. Acha uchemke ndani ya maji yake dakika 8 mpaka 10 hadi yakauke na uanze kulia chini ya sufuria. Hatua hii watu huiruka, kisha hulalamika tui limekatika: maji ya uyoga yaliyobaki huendelea kutoka ndani ya tui na kulipasua.

Sasa tia mafuta, vitunguu, saumu, kaanga dakika 5. Nyanya na manjano, mpaka nyanya zivunjike. Mimina tui jepesi, chumvi, pilipili nzima, funika, moto mdogo dakika 15. Funua, tia tui zito, koroga upande mmoja bila kusita mpaka lichemke mara ya kwanza, dakika 4 au 5, kisha ipua. Ndimu ikamuliwe sahanini, si sufuriani. Kwa wali ni chakula cha wageni; kwa sima uache mchuzi uwe mzito kidogo.

*Masikio ya ukwaju.* Masikio hayana ladha yake. Kazi yake ni kubeba ukali na kulia mdomoni, kwa hiyo tui huyapooza. Chukua gramu 300 za mabichi, au gramu 30 za makavu yaliyolowekwa. Yachemshe dakika 15, mwaga maji, yakamue na uyakaushe vizuri kwa kitambaa, yakate nyuzi za upana wa kidole kidogo. Kukausha si urembo. Masikio yenye maji yakiingia kwenye mafuta ya moto hupasuka kwa kishindo na kurusha mafuta usoni, hivyo kifuniko kiwe mkononi.

Loweka ukwaju gramu 40 kwa nusu kikombe cha maji ya moto, uchuje. Pasha mafuta vijiko 2 vya kulia, tia bizari nyembamba kijiko 1 cha chai mpaka inukie, kitunguu maji 1, saumu punje 4, tangawizi ya kidole gumba iliyopondwa. Ingiza masikio, funika dakika 2, funua ukoroge dakika 3. Mimina ukwaju, chumvi, sukari nusu kijiko cha chai, pilipili mbuzi 1 iliyotobolewa. Acha ukauke mpaka ushike. Ukipoa ni mtamu zaidi, na kwa mkate wa mofa hausemeki.

*Uyoga mgumu wa karanga.* Uyoga gramu 200. Uchemshe dakika 10, mwaga maji ya kwanza pamoja na mchanga wake. Tia maji mapya na uchemshe dakika 40. Bado utakuwa na ukinzani, ndivyo ulivyo. Uponde kinuni mpaka uwe nyuzinyuzi kama nyama iliyochambuliwa. Kaanga kitunguu na nyanya, tia uyoga, kikombe 1 cha maji, kisha karanga zilizokaangwa na kusagwa, nusu kikombe, uzikoroge kidogo kidogo zisifanye madonge. Moto mdogo dakika 10. Ukikosa muda wa kuponda, usiupike. Hakuna njia ya mkato iliyofaa.

Mara ya kwanza kula aina yoyote mpya, kila mtu ale vijiko viwili tu, saa 24 zipite ndipo ale sahani. Miili hutofautiana hata kwa uyoga usio na lawama. Watoto wadogo na wajawazito wasiwe wa kuonja. Na weka pembeni uyoga mmoja mbichi mzima, na mzizi wake, ndani ya karatasi.

Kukausha

Masikio yanakauka yenyewe juu ya wavu wa waya au mkeka uliofunikwa chandarua, siku mbili za jua, yageuzwe mara tatu kwa siku. Wa kichuguu una maji mengi. Uchane nyembamba, uanike siku hiyohiyo uliookotwa, na jioni uingize ndani kabla ya umande. Mawingu yakifunga, maliza kwa kuuweka juu ya jiko la makaa yaliyofifia, urefu wa mkono mmoja. Kilo 1 ya mbichi hubaki takriban gramu 100. Uko tayari unapovunjika kwa mlio. Unaopinda bado una maji na utaota ukungu ndani ya wiki, maana hewa ya bahari haisamehi. Hifadhi kwenye chupa ya kioo yenye kifuniko cha kukaza.

Ukila ukashuku

Usingoje dalili. Nenda hospitali pamoja na ule uyoga uliouweka kwenye karatasi, mabaki ya chakula, hata matapishi, na useme wazi ulikula saa ngapi na ulianza kuumwa saa ngapi. Kuumwa kulikoanza baada ya saa 6 au zaidi kuna uzito kuliko kulikoanza baada ya saa moja. Mwambie daktari hivyo hata kama tumbo limeshatulia. Maziwa, mafuta ya nazi, au kujitapisha kwa maji ya chumvi si dawa, na vinapoteza muda. Walioshiriki sahani ile waende wote, wenye maumivu na wasio nayo.